Mnauliza, Tunajibu: Mwezi mkubwa, uwanja uliofurika na kiwanja cha angani

Barua za safari hii zimechanganyika haswa, kuna za mwezi, kuna za kampeni, kuna ya mwalimu aliyeanza kazi ya sanaa na wanafunzi wake ikakwama katikati, mwanzoni nilitaka kila moja iwe na toleo lake ila nilivyozisoma tena nikaona karibu zote zinauliza kitu kimoja, hivi ninachokiona ndicho kilichopo kweli au akili yangu imeshaongeza yake? Basi nimeziweka pamoja. Zilizokuwa ndefu sana nimezikata kidogo bila kugusa maana.

SWALI: Habari yako mwandishi. Naomba utuamulie mimi na mume wangu. Mwezi ukichomoza unakuwa mkubwa ajabu afu ukishapanda juu unakuwa mdogo. Yeye anasema hewa ya chini inaukuza, mimi nasema muda ule unakuwa umesogea karibu. Nani yuko sahihi? – Mama mapacha

JIBU: Nzuri dada. Hakuna aliye sahihi hapo, na mambo ni kinyume kabisa na unavyosema. Mwezi ukiwa chini kwenye upeo wa macho unakuwa mbali na wewe zaidi kuliko ukiwa utosini, maana hapo kuna nusu ya unene wa dunia inaongezeka, kama kilomita 6,400 hivi, kwa hiyo kwa kipimo ulitakiwa uonekane mdogo kidogo, kama asilimia moja na nusu. Na hewa nayo haiukuzi. Inachofanya ni kuubonyeza kidogo kutoka juu kwenda chini, ndo maana ukiwa umegusa upeo unaonekana umebapa, na inautawanya mwanga wa bluu njiani ndo tunabaki na ile rangi ya machungwa.

Angani mwezi una upana wa nusu digrii tu, jioni na usiku wa manane. Nyoosha mkono wako wote, ncha ya kidole cha mwisho inaufunika mwezi wote na nafasi inabaki. Fanya hivyo ukichomoza, rudia saa nne usiku, utaona kidole kilekile kinaufunika vilevile. Au upige picha mara mbili kwa simu bila kubadilisha zumu kisha pima kwa rula. Kuna na njia nyingine ambayo watoto wataipenda, geuka uupe mgongo, inama uuangalie kwa katikati ya miguu, watu wengi wakifanya hivyo ule ukubwa unapungua ghafla.

Kwa nini sasa? Ibn al-Haytham, yule mwanazuoni aliyeandika kuhusu mwanga na macho miaka 1,000 iliyopita, alishasema tatizo halipo angani, lipo kwenye namna akili inavyokadiria umbali, yaani ukiona miti na nyumba mbele ya mwezi akili inaamua ule mwezi uko mbali sana, na kitu kilicho mbali sana kikionekana na ukubwa uleule basi lazima kiwe kikubwa. Wataalamu wa leo bado wanabishana kuhusu maelezo yenyewe ila kwamba ni akili na sio hewa hawabishani. Na ukishajua haikusaidii, utaendelea kuuona mkubwa tu! Hilo ndo linanivutia kuliko yote, kwamba kujua hakuondoi kuona.

SWALI: Shikamoo. Kulikuwa na mkutano wa kampeni, upande mmoja wakarusha picha uwanja umefurika huoni hata ardhi, upande wa pili wakarusha picha ya siku hiyohiyo uwanja nusu mtupu. Kwenye grupu letu la familia watu wamegombana hadi wengine wametoka. Picha ipi ni ya kweli? – Mpwa wa watu wengi

JIBU: Marahaba. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na ndo ubaya wake.

Mpiga picha akisimama mbali, chini, usawa wa vichwa, afu akavuta kwa lenzi ndefu, watu wa mbele na wa nyuma wanaonekana wamegandana hata kama kati yao kuna mita tatu. Akipanda juu akaangalia chini, kila pengo linaonekana. Ongeza na saa. Uwanja wa saa saba mchana na wa saa kumi sio uwanja mmoja, kwa hiyo kabla hujaamini picha yoyote angalia vivuli, kivuli kifupi jua liko juu, kirefu jua limeinama, na ukikuta picha mbili zinazodaiwa ni za dakika ileile lakini vivuli vinatofautiana basi umeshapata jibu lako. Afu angalia kingo, mara nyingi picha imekatwa pale watu wanapoishia. Angalia na miguu. Ukiweza kuona miguu ya watu walio katikati ya kundi ujue hapo hapajabanana.

Kuhesabu kunawezekana na wala sio kazi ngumu. Miaka ya 1960 kulikuwa na mwandishi wa habari anaitwa Herbert Jacobs aliyekuwa anafundisha chuo kikuu cha Berkeley kule California, ofisi yake ilitazama uwanja ambapo wanafunzi walikuwa wanakusanyika kupinga vita ya Vietnam, na sakafu ya ule uwanja ilikuwa na mistari ya miraba. Akahesabu watu kwenye miraba michache, akazidisha. Vipimo vyake vinatumika mpaka leo: kundi lililo huru, unaweza kupita bila kugusana na mtu, kila mmoja anachukua karibu mita moja ya mraba, kundi lililobanana wanaingia wawili na nusu hivi kwenye mita moja ya mraba, na lile la kusukumana kabisa wanne na kidogo.

Sasa chukua uwanja wa mpira wa miguu wa kimataifa, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140. Wakisimama huru ni watu 7,000 na kitu. Wakibanana ni kama 17,000. Wakisukumana mpaka mtu hawezi kuinua mkono, 30,000 na kidogo. Kwa hiyo mtu akija na habari ya laki moja waliosimama eneo la kuchezea peke yake anataka uamini kuwa kila mita ya mraba ilibeba watu 14, jambo ambalo miili yetu haikubali. Fanya hesabu hiyo kwa mkutano wa upande unaoupenda kwanza, ndo uende kwa wale wengine. Nasema hivyo kwa moyo wote maana sisi wote tuna macho makali kwa wenzetu.

Na hilo limeshapimwa. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mechi ya futiboli ya kwao, mechi chafu haswa, nyota wa Princeton akavunjika pua, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Watafiti wawili, Hastorf na Cantril, wakachukua filamu ya mechi wakawaonesha wanafunzi wa pande zote, wakawaambia kila mmoja aandike makosa anayoyaona. Filamu ni ileile. Wanafunzi wa Princeton wakaona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale ambayo Dartmouth wenyewe waliyaona. Hawakuwa wanadanganya, waliandika walichokiona kweli. Utafiti ulitoka mwaka 1954 na mi kila nikiona ugomvi wa picha za kampeni naukumbuka, kwa sababu watu kwenye grupu lenu huenda kila mmoja ana hakika kabisa na anamwona mwenzake mwongo. Waliotoka wapigie simu mmoja mmoja, usianze na siasa, uliza hali kwanza.

SWALI: Zile picha za darubini ya James Webb ni za kweli au wamepaka rangi? – Mchoraji mchanga

JIBU: Vyote viwili. Darubini hii ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na sehemu kubwa ya mwanga inaoukusanya ni infraredi ambao jicho la binadamu halina uwezo wa kuuona. Ingekuwa wakupe picha kama ilivyo usingeona chochote. Kwa hiyo wanapiga picha kadhaa za eneo moja kupitia vichujio tofauti, kila picha inakuja nyeusi na nyeupe, halafu mawimbi mafupi wanayapa bluu, ya kati kijani, marefu zaidi nyekundu, wanaziunganisha. Mpangilio ni uleule wa upinde wa mvua, umehamishwa tu kutoka pale tusipoweza kuona kuja tunapoweza. Nyota, mawingu ya vumbi, galaksi, kila kitu kiko palepale kilipo. Rangi inakwambia kitu cha kweli ila sio kile ambacho ungekiona ukienda. Na kwa kuwa wewe ni mchoraji nikuongezee, picha ghafi zinawekwa wazi kwa umma bure, baadhi mara moja na nyingine ndani ya mwaka, ukitaka unaweza kuchukua hizo za nyeusi na nyeupe ukaziunganisha mwenyewe. Kuna watu hawana shahada yoyote ya elimu ya nyota wanafanya kazi nzuri sana hapo.

SWALI: Kaka yangu mkubwa ananitumia kila siku vidio kwamba hakuna mtu aliyewahi kufika mwezini, ni filamu. Mwanzo nilikuwa nampuuza, sasa hivi nikiri hata mimi nimeanza kusita. Bendera inapepea wakati hakuna upepo, na nyota mbona hazionekani? – Mdogo mtu

JIBU: Mdogo wangu, hizo hoja mbili tuzimalize haraka. Bendera ilishonwa na fimbo ya kulala juu ili isianguke kwa sababu walijua hakuna upepo, ile mikunjo ni ya kukunjwa safarini, na inacheza pale mtu anapoichomeka chini, ikishatikiswa hakuna hewa ya kuituliza. Nyota hazionekani kwa sababu kamera ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mchana, ardhi ya mwezi ilikuwa imewakwa na jua na nguo zao ni nyeupe. Jaribu usiku wa leo, simama chini ya taa kali ya nje, mpige mtu picha, halafu zitafute nyota kwenye hiyo picha.

Ushahidi uko mwingi. Safari za Wamarekani za kwenda mwezini, Apollo 11, 14 na 15, ziliacha vioo maalum kule juu, na mpaka leo vituo vya utafiti vinarusha leza, inagonga, inarudi, ndo tunajua mwezi unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Chombo kinachozunguka mwezi tangu 2009 kimepiga picha za maeneo waliyotua na unaona hadi njia walizokanyaga kwa miguu. Wameleta kilo 382 za mawe na udongo, na wanasayansi wa nchi nyingi wameuchunguza. Ila mi hoja ninayoipenda kuliko zote ni ya kisiasa. Wasovieti walikuwa wanashindana na Marekani kufa na kupona, na Julai 1969 wakati wanaanga wa Marekani Armstrong na Aldrin wako juu ya mwezi, chombo cha Kisovieti Luna 15 kilikuwa hapohapo kinauzunguka, kikaanguka na kuvunjika siku moja baada ya wenzao kutua. Hao ndio waliokuwa na kila sababu ya kuufichua uongo na walikuwa na mitambo ya kufuatilia. Hawakusema ni filamu.

Sasa kwa nini umeanza kusita ilhali hakuna hoja mpya? Hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Mwaka 1977 watafiti watatu, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi orodha ya sentensi, nyingine za kweli nyingine za uongo, wakawaambia wakadirie ukweli wake, wakarudia baada ya wiki mbili na tena wiki mbili nyingine, baadhi ya sentensi zikiwa zilezile. Zile zilizojirudia zilizidi kuonekana za kweli, hata za uongo. Kurudiwa tu kunatosha. Akili ikikutana na kitu ilichokwisha kukizoea inakipokea kwa wepesi, na ule wepesi tunaudhania ni ukweli. Wanasiasa wanalijua hili vizuri sana, ndo maana kauli ya kampeni ni fupi na inasemwa kila jukwaa.

Kwa hiyo ushauri wangu, usizifungue zote. Na kaka yako usimjibu vidio kwa vidio, maana unarudia madai yake kila unapoyakanusha na yeye ni mkubwa kwako hatapenda kufundishwa mbele za watu. Mkiwa wawili muulize kwa heshima, kaka, ni kitu gani ukikiona utakubali walifika? Akitaja kitu, kitafuteni pamoja. Akisema hakuna, basi umejua kwamba hamzungumzii mwezi, na mnaweza kuongea mambo mengine na bado mkabaki ndugu.

SWALI: Rafiki yangu kazawadiwa kiwanja mwezini, ana cheti na ramani. Kina thamani? – Mwenye wivu kidogo

JIBU: Kina thamani ya karatasi nzuri ya kutundika ukutani, umiliki hakuna. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967, ambao nchi zaidi ya 110 zimeuridhia, unasema hakuna taifa linaloweza kujimilikisha mwezi wala kitu chochote cha angani, na kama taifa lenyewe haliwezi basi hakuna mwenye mamlaka ya kumpa mtu hati. Ila usidhani mambo yameisha hapo, ugomvi upo na utakua. Mwaka 1976 nchi zilizoko kwenye mstari wa ikweta, zikiwemo Kolombia, Ekwado, Indonesia, Kenya na Uganda, zilitia saini tamko kule Bogota kwamba ile njia ya setelaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ambapo setelaiti inaonekana imetulia sehemu moja, ni mali yao. Dunia haikukubali. Mi naona walikuwa na hoja ya haki hata kama sheria haikuwa upande wao, kwa sababu wenye roketi walikuwa wanajipangia nafasi kabla wengine hawajaamka. Na mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayosema kampuni zake zikichimba madini angani yale madini ni yao, ardhi sio yao ila kilichotoka ndani ni chao. Hiyo ndo ya kufuatilia, cheti cha rafiki yako kiacheni.

SWALI: Nimesikia wanaanga wakiiona dunia kutoka juu wanabadilika, hawaoni mipaka tena. Si tuwapeleke wanasiasa wote huko wakirudi vita viishe? Namaanisha kweli. – Mzee wa kahawa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimekaa nalo muda mrefu.

Kuna ukweli hapo. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alipanda mwaka 1985 na alisimulia kwamba siku za kwanza kila mmoja alikuwa anaonesha nchi yake, baadaye wakawa wanaonesha mabara, mwisho wakawa wanaona dunia moja tu. Na wanasiasa wameshapelekwa. Seneta Jake Garn wa Marekani alipanda Aprili 1985, mbunge Bill Nelson akafuata Januari 1986, John Glenn alirudi angani mwaka 1998 akiwa seneta mwenye miaka 77. Walirudi na maneno mazuri na sina shaka yalitoka moyoni. Ila bunge lao liliendelea kugombana kama kawaida, mzee wangu.

Afu hiyo habari kwamba mipaka haionekani ni ya mchana. Usiku inaonekana! Mpaka wa India na Pakistani umewekwa taa za ulinzi kwa urefu mkubwa sana, na kutoka kituo cha anga cha kimataifa, kilomita kama 400 juu, unaonekana kama mstari wa rangi ya machungwa unaokata ardhi. Korea Kaskazini nayo usiku ni giza katikati ya majirani wanaowaka. Kwa hiyo dirisha ni lilelile, mmoja ataangalia mchana aseme sisi ni wamoja, mwingine ataangalia usiku aseme tazama tulivyogawanyika, na wote wameona.

Kuna picha maarufu ya dunia ikichomoza juu ya mwezi, aliipiga Bill Anders wa Apollo 8 tarehe 24 Desemba 1968. Walikwenda kupiga picha za mwezi, hiyo ya dunia haikuwa kwenye ratiba yao kabisa, ikabidi waitane haraka watafute filamu ya rangi. Na jinsi Anders alivyoiona, ardhi ya mwezi ilikuwa imesimama wima pembeni, sio chini. Tumeigeuza sisi ili ifanane na kuchomoza tunakokujua. Hata picha iliyotufundisha kuitazama dunia upya tumeilaza kwanza ikae tunavyotaka.

Mi nisingewapeleka wote mzee, gharama peke yake ni kubwa mno. Ila ningependa kila anayegombea akalishwe siku moja na watu ambao barabara yake imepita kwenye nyumba zao, akae kimya, asikilize. Huko ni karibu zaidi na sina hakika kama kuna mmoja kati yao anakuona vizuri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa. Nilianza na wanafunzi kutengeneza mfano wa jua na sayari zake kwenye ukuta wa darasa, tumekwama. Tukiweka ukubwa sahihi umbali hautoshi, tukiweka umbali sahihi sayari zinapotea. Wanafunzi wameanza kukata tamaa na mimi pia. – Mwalimu wa rangi

JIBU: Mwalimu, hamjakwama, mmegundua kitu ambacho michoro mingi ya vitabuni inakificha. Haiwezekani kuviweka vyote viwili ukutani. Michoro unayoijua imechagua kudanganya ukubwa au umbali au vyote, na wanafunzi wako wamelifikia hilo kwa mikono yao wenyewe, waambie hivyo kesho asubuhi.

Tokeni nje. Chukueni kipimo cha moja kwa bilioni kumi, yaani sentimita moja ni kilomita laki moja, hesabu zinakuwa nyepesi sana. Jua linakuwa mpira wa sentimita 14. Tembea mita 6 kasoro kidogo, weka Zebaki, nusu milimita. Mita 11, Zuhura. Mita 15, dunia, nayo ni milimita 1.3, kichwa cha pini kinakaribia. Mwezi wake ni chembe unayoiweka sentimita 4 kasoro kutoka hapo, na binadamu hajawahi kusafiri mbali sana kupita hapo. Mirihi mita 23. Halafu unatembea, unatembea, mpaka mita 78 ndo Mshtarii, sentimita 1.4, ukubwa wa gololi. Zohali mita 143. Uranusi mita 287. Neptuni mita 450, na ukigeuka ule mpira wa jua umekuwa kinukta tu. Nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri, kwenye kipimo hicho iko kilomita 4,000. Mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kutafuta kwenye ramani ni mji gani.

Na hapa ndo sanaa inaingia. Kwenye kipimo hiki mwanga unatembea sentimita 3 kwa sekunde, mwendo wa sisimizi. Mmoja ashike uzi mwekundu aanze kwenye jua asogee taratibu kwa kasi hiyo, wengine wakae pembeni ya dunia wasubiri. Itamchukua dakika 8 na sekunde 20. Wataimba, watachoka, wataketi chini, uzi utafika. Kufika Neptuni ni saa nne na kitu, siku hiyo mbebe chakula. Rekodini yote kwa simu iliyosimama sehemu moja. Tayari mna kazi ya sanaa iliyokamilika, na ukuta wa darasa utumieni kwa picha na michoro ya siku hiyo.

Kuhusu kumaliza, nikupe mfano. Ile sahani ya dhahabu iliyopelekwa na vyombo viwili vya Voyager mwaka 1977, yenye sauti na picha za dunia, iliandaliwa na mwanasayansi Carl Sagan na wenzake chini ya mwaka mmoja, kwa sababu roketi haingesubiri, sayari za nje zilikuwa zimejipanga kwa namna ambayo hutokea mara moja kwa karibu miaka 175. Wakaweka kama dakika 90 za muziki, picha zaidi ya 100 na salamu za lugha 55. Vingi viliachwa. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo, Kiswahili hakimo, na inaniuma mpaka leo. Lakini ingesubiri ikamilike isingeondoka. Kwa hiyo wekeni tarehe mwalimu, iandikeni ubaoni, chagueni pamoja nini kinaachwa. Na kabla hamjatoka nje kila mwanafunzi arekodi salamu yake ya Kiswahili kwa yeyote aliye mbali huko, muiunganishe kwenye vidio kuanzia pale uzi unapoondoka kwenye jua. Ikiwa tayari tutumieni, toleo linalofuata nitaacha nafasi.